Jiwe Lililofaulu Darasa la Tatu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko, na sare za shule za kufua kila Jumamosi, aliishi mama mmoja mdogo, jina lake Pimbi. Majirani walimwita Mama Chiku, kwa jina la bintiye. Alikuwa amechoka. Alichoka asubuhi kabla ya kuchota maji, akachoka jioni baada ya kusaga mtama.

Chiku alikuwa darasa la tatu, katika shule ya umma kule bondeni. Siku moja mama yake akamwambia, "Hebu nisomee hapa, mwanangu."

Chiku akakishika kitabu kichwa chini. Akakitazama. Akakifunga.

"Kwani mwalimu wenu anawafundisha nini?"

"Hatumwoni, mama. Tangu mvua zianze."

Na mvua zilikuwa zimeshakwisha.

Pimbi akajifunga kanga, akateremka, chapu chapu chapu, hadi shuleni. Mwalimu Mkuu alikuwa Kiboko. Aliijaza ofisi nzima, kuta zikamgusa huku na huku.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Nauliza tu. Darasa la tatu lina mwalimu?"

"Hayo ni mambo ya ndani ya shule, mama."

"Na mwanangu yumo ndani ya shule."

"Mmh! Kaandike barua."

Akaandika barua. Kiboko akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. "Haina saini ya mwenyekiti wa wazazi."

"Yuko wapi huyo mwenyekiti?"

"Amesafiri."

Akarudi mara ya pili. Amesafiri. Mara ya tatu. Amesafiri. Mara ya nne Kiboko akacheka, kho kho kho! "Mama Chiku, wewe huchoki?"

"Nimechoka, Mwalimu. Hata hapa nimekuja nikiwa nimechoka."

Muhula ukafungwa. Chiku akaleta ripoti nyumbani: *Anasoma vizuri sana. Amefaulu.*

Pimbi akaketi jikoni. Akaitazama ripoti. Akalitazama jiwe lake la kusagia. Akaitazama tena ripoti.

"Haya," akasema polepole. "Tuone."

Shule ilipofunguliwa, akalifunga lile jiwe mgongoni kwa kanga, akalifunika vizuri kama mtoto aliyelala, akaenda kwa karani. Karani alikuwa Kobe, na Kobe akiandika hainui kichwa.

"Jina?"

"Tunu."

"Darasa?"

"La tatu. Amehamia, alikuwa kwa bibi yake."

"La tatu, na bado wambeba?"

"Miguu yake haina nguvu, karani."

"Pole yake." Kalamu ikaenda, krr, krr, krr. "Aje kesho."

Hakuja kesho, wala kesho kutwa. Jiwe lilirudi jikoni, likasaga mtama muhula mzima.

Siku ya kufunga, wazazi wakajaa uwanjani. Kiboko akasimama nyuma ya meza, Kobe akiandika kando yake, akazisoma ripoti kwa sauti nene na kumpa kila mzazi yake. Huyu amefaulu. Yule amefaulu. Hakuna aliyeanguka.

"Tunu wa Mama Chiku! Hakukosa shule hata siku moja. Hodari wa mbio. Apunguze kuongea darasani. Amefaulu!"

Wazazi wakapiga makofi. Pimbi akainuka, taratibu, maana mgongo ulimuuma.

"Asante, Mwalimu Mkuu. Nimemleta, umpongeze mwenyewe."

Akafungua kanga. PUU! Jiwe likatua mezani, meza ikalia kwaa!

Kiboko akaliinamia.

"Hili... hili ni jiwe," Kiboko akasema.

"Ndiyo. Hodari wa mbio."

Huko nyuma mtu akaangua kicheko, mwingine akamfuata, mara uwanja wote, kwa kwa kwa! Kisha kicheko kikakatika ghafla. Kila mzazi alikuwa akiitazama ripoti iliyokuwa mkononi mwake.

Tembo akasimama. "Mimi niliuliza habari za mwanangu. Nikaambiwa mwenyekiti amesafiri."

"Hata mimi!" akasema Twiga. "Nilidhani nimeuliza peke yangu."

"Karani," Pimbi akauliza, "mwenyekiti wetu ni nani?"

Kobe, kwa mara ya kwanza, akainua kichwa. "Hayupo. Hamjawahi kumchagua."

Kiboko akajikunja, lakini mwili mkubwa haujifichi. "Mwalimu wa darasa la tatu alihama," akasema. "Hajaletwa mwingine. Niliogopa mkijua mtanilaumu."

"Tungekulaumu siku moja," Pimbi akajibu. "Siku ya pili tungekwenda pamoja nawe kumtafuta mwingine. Mwanangu amepoteza mihula miwili."

Siku ileile wakamchagua Tembo kuwa mwenyekiti. Ubao ukatundikwa mlangoni mwa ofisi, nje, kila mpita njia auone: darasa hili, mwalimu wake fulani, leo yupo, leo hayupo. Darasa la tatu likaandikwa *hakuna*. Neno hilo likakaa pale siku kumi, wazazi wakililalamikia kila asubuhi, mpaka mwalimu akaja.

Pimbi akalibeba jiwe lake, akapanda mlima, bado amechoka. Mtama ulikuwa unamngoja.

Basi kumbukeni, wanangu: habari za shule ya mtoto ni haki ya mzazi wake, hata mzazi huyo awe mdogo namna gani.