Pete ya Mize na Jipu la Mwanawe

Niitikieni "tupo," nisije nikaogopa peke yangu! Zimwi lilimpa Mize pete, likamwambia, "Ikikupa raha, unatenda wema. Ikikuchoma, acha."

Mwanawe, Makame, akaota jipu gotini. Mize akashika wembe, pete ikamchoma. Akampaka mafuta ya nazi, pete ikamburudisha. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu mtoto alikuwa hawezi hata kukaa, na zimwi limeketi mlangoni, linanusa.

"Mama, usinitumbue," Makame akalia.

Mize akashika wembe. Pete ikawaka mpaka kidole kikatoa moshi.

"Inauma?" zimwi likauliza.

"Inauma," akajibu, na akalitumbua jipu.

Zimwi likaondoka na njaa yake. Makame alimnunia mamake siku saba. Siku ya nane alimnunia huku anakimbia.