Mkaguzi Aliyegeukia Ukuta

Hapo zamani, na msinikunjie uso, maana hii ni zamani ya juzijuzi, ndege zilikwishakuwapo na sheria za ndege zilikwishaandikwa, palikuwa na mwanamke aliyemjua baba mkwe wake kwa masikio peke yake.

Jina lake Atuganile. Huko milimani kwao mkamwana hamtazami baba mkwe. Hampi mkono, hali naye, hataji jina lake, na wakikutana mahali pembamba mwanamke hugeuka akampa mgongo mpaka mzee apite. Si chuki, jamani. Ni heshima, tena heshima nzito. Atuganile alikuwa ameolewa pale, amezaa pale, amemzika mumewe pale, na uso wa Mzee Andongwisye hakuwa ameuona hata siku moja. Lakini alimjua. Mzee akikohoa, alimjua. Mzee akiburuta fimbo, alimjua. Mzee akiweka chini kisu chake cha kukatia ndizi, kile chenye mpini uliolegea, kikalia tik-tik, Atuganile alimjua hata akiwa nyuma ya nyumba anachambua mboga.

Na walisemezana vipi? Kupitia Tumpe, binti wa Atuganile, mjukuu pekee wa mzee. "Tumpe, mwambie mama yako mvua inakuja, aanue mahindi." Mama mwenyewe yuko palepale, anasikia kila neno, lakini anangoja Tumpe amletee ujumbe ndipo aanue mahindi. Mkitaka kucheka chekeni sasa. Huko mbele sina cha kuwachekesha.

Kazi ya Atuganile ilikuwa kukagua abiria katika kiwanja kidogo cha ndege cha Itungwa. Kiwanja chenyewe kilikuwa njia ya changarawe, kibanda cha bati, meza na benchi. Wakaguzi walikuwa wawili: Atuganile kwa wanawake, Lugano kwa wanaume. Kila mmoja alikuwa na kifaa kinacholia kikipita juu ya chuma. Atuganile hakuwa mtu wa kuchezea kazi. Aliwahi kumnyang'anya padri wembe wa kunyolea, padri akanuna, na wembe ukabaki mezani. Ndege haipandi na kitu chenye makali. Hilo alilijua kama anavyojua jina la mwanawe.

Basi Tumpe akaugua. Tumbo likavimba, likawa gumu kama ubao, mtoto akatapika mpaka akaishiwa. Mganga wa zahanati akambonyeza, akatikisa kichwa. "Utumbo umejisokota," akasema. "Apasuliwe leo, na wa kumpasua yuko Ilonda tu. Kwa gari hamfiki. Mpandisheni ndege ya asubuhi hii, vinginevyo tafuteni sanda."

Nani amsindikize? Mama, mtasema. Na mimi ningesema hivyo hivyo. Lakini bila mkaguzi wa kike abiria wa kike hawapandi, na Tumpe ni wa kike, na ndani ya safari ile alikuwamo Mwalimu Sekunda wa shule ya msingi, naye wa kike. Mama akipanda, naye ni abiria wa kike asiye na wa kumkagua, na ndege hairuki. Ili mwanawe aende, ilimpasa yeye abaki. Basi akaenda babu.

Asubuhi ile ng'ombe waliingia kwenye njia ya ndege. Lugano alikuwa amekwisha kumkagua Bwana Luoga, afisa misitu, mtu wa kifua kipana. Akakimbia na fimbo kwenda kuwafukuza ng'ombe, akabaki Atuganile peke yake mezani. Kapteni Hizza, rubani, alikuwa amekwisha kuwasha injini. Akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Mama, fanya upesi! Mawingu yananishukia!"

Atuganile akamkagua Mwalimu Sekunda. Mwalimu alikuwa anakwenda kwenye harusi ya mdogo wake, kichwani ana nywele mpya, akasema, "Dada, usinivurugie hizi, nimezikalia kutwa nzima." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaojua kuna mtoto mgonjwa kwenye benchi.

Kisha mtu akakohoa. Fimbo ikaburuzwa kwenye changarawe. Atuganile akageukia ukuta.

Akasikia kikapu kikitua mezani. Harufu ya ndizi mbivu ikamfikia, ndizi za Tumpe za kula akishapona. Na ndani ya kikapu, tik-tik.

Alimjua. Alikijua. Kifaa kilikuwa mkononi mwake, na mkono ukakataa kuinuka. Angemwambia mzee nini, na kwa kinywa cha nani? Mwenye kupeleka maneno alikuwa amelala kwenye benchi, macho yamegeuka meupe. Angemwita Lugano, lakini Lugano alikuwa mwisho wa njia anagombana na ng'ombe, injini inanguruma, na tumbo la Tumpe haliwezi kusubiri. Ni kisu cha ndizi tu, Atuganile akajiambia. Ni cha kumenyea. Akauma mdomo. Kikapu kikainuliwa, benchi likalia mtoto alipobebwa, fimbo ikaburuzwa kwenda zake. Alipogeuka aliona vumbi la ndege.

Ya angani hakuyaona. Aliyasikia baadaye, mahakamani, nami nawapa kama alivyoyasikia.

Ndege ile ilikuwa ndogo, haina ukuta kati ya rubani na abiria. Mzee alikaa nyuma ya Kapteni, mtoto mapajani. Katikati ya safari jua, lililokuwa likimchoma shavu la kulia, likahamia la kushoto. Mzee akasema, "Rubani, mwanangu, mbona jua limehama?" Rubani ana vitu masikioni, hakujibu. Mzee akasema tena, "Mwanangu, tunakwenda wapi?" Rubani akainua kiganja, yaani nyamaza. Mzee akamshika bega. Rubani akausukuma mkono ule, akasema bila kugeuka, "Tunakwenda Kasanya. Kaa chini."

Kasanya! Kasanya kuna kiwanja kizuri, na soko, na hakuna mtu wa kupasua tumbo. Tumpe alikuwa ameacha hata kulia. Mzee akaingiza mkono kwenye kikapu, kati ya ndizi, akatoa kisu, akakiweka shingoni mwa rubani. "Ilonda," akasema.

Kapteni Hizza akageuza ndege. Wakaingia kwenye mawingu, ndege ikatupwa huku na huku, Mwalimu Sekunda akawa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kutetemeka. Na wakatoka chini ya mawingu wazima. Mbele yao njia ya Ilonda ikaonekana, nyeupe, imenyooka. Ndipo Bwana Luoga, aliyekuwa amefumba macho muda wote ule, akayafungua, akaona kisu na asione njia. Akamrukia mzee. Kisu kikamchana rubani bega, mkono ukaachia usukani, ndege ikaanguka katika shamba la viazi kabla ya kufika njiani.

Mwalimu Sekunda akafa palepale, na nywele zake mpya. Tumpe akabebwa mbio mpaka hospitali akapasuliwa, akapona. Daktari akaapa mbele ya jaji: mngetua Kasanya, mtoto huyu angefika maiti.

Sasa sikilizeni walivyojieleza.

Mzee Andongwisye akasimama kizimbani. "Mheshimiwa Jaji, sikutaka ndege. Ndege nitaipeleka wapi mimi? Nilitaka mjukuu wangu aishi. Mwanangu nilimzika, nikabaki na huyu. Ningeambiwa sababu ya kugeuka, labda ningelia tu kama wazee wengine. Sikuambiwa. Kosa langu ni lipi?"

Kapteni Hizza akasimama, mkono umefungwa bendeji. "Mheshimiwa Jaji, redioni niliambiwa Ilonda imefunikwa na mawingu. Ndege ina roho za watu wengi, si ya mtoto mmoja. Ndiyo, sikueleza. Nilikuwa natafuta njia ya kutua wazima, sikuwa na nafasi ya kupiga soga. Na kisu kilipokuwa shingoni nilitii, kwa sababu ningekatwa nani angeishika ndege? Kosa langu ni lipi?"

Bwana Luoga naye akasimama, kifua chake kipana kimenywea. "Mheshimiwa Jaji, niliona mtu na kisu. Kila mmoja hapa angeniita mwoga kama ningekaa kimya, na wote tungekufa. Sikuiona njia. Naapa sikuiona. Kosa langu ni lipi?"

Mbele kabisa alikuwa amekaa mama yake Mwalimu Sekunda, mikono imefumbata khanga ya marehemu. Hakuitwa kusema, lakini akasema. "Nyote mnajieleza vizuri. Wangu atajieleza kwa kinywa gani? Yeye alikosea kupanda?" Askari wakamkalisha taratibu, naye akakaa.

Mwendesha mashtaka akasimama. Sheria ya nchi ile, akasema, iko wazi: anayeshika ndege kwa nguvu ikiwa angani, na watu wakafa, anafungwa. Kilichobaki ni kujua nia. Kama mzee aliingia na kisu kwa siri, basi alikuja amejipanga, na atafia gerezani. Kama kisu kilikuwa wazi kikapuni kwa ajili ya ndizi, basi hasira na uchungu vilimpata angani, na jaji anaweza kumpunguzia, akarudi nyumbani kabla ya kufa. "Lakini kama kilikuwa wazi," akaongeza, "basi mkaguzi alikijua akakiacha kikapanda. Huyo naye amehatarisha ndege, na huyo naye kuna kifungo chake."

Na polisi walikuwa na maneno ya mzee mwenyewe, aliyoyasema siku ya kwanza alipokamatwa. Alisema: kisu nilikificha kiunoni, chini ya shati, na mkaguzi wa kike hapitishi kifaa mwilini mwa mwanamume, asingeweza kukijua.

Atuganile alikuwa kwenye benchi la mashahidi, amegeukia ukuta, khanga imefunika kichwa. Akayasikia maneno yale. Mzee alikuwa amedanganya. Amejiongezea gereza mwenyewe, na amedanganya kwa ajili yake, ili Tumpe abaki na mama. Atuganile akalia bila sauti, akaona aibu, akaona shukrani, na juu ya vyote akaona hofu. Kutokea nyuma yake alikuwa anasikia pumzi za mama wa Sekunda.

Wakamwita. Akapanda kwenye kizimba cha mashahidi, mgongo kwa mshtakiwa.

"Shahidi, geuka," jaji akasema. "Mtazame mshtakiwa utuambie kama ndiye aliyepita mezani kwako."

"Mheshimiwa, kwetu siruhusiwi."

"Kwenu ni kwenu. Hapa ni mahakamani. Mara ya kwanza ulipogeukia ukuta, mama, mtu alikufa."

Ndipo mtu akakohoa, na Atuganile akamjua. Mzee Andongwisye alikuwa anaongea, polepole, kama mtu aliyekaa uani kwake, na alikuwa hasemi na jaji wala na mkamwana. Alikuwa anasema na mtoto ambaye hakuwapo, mtoto aliyebaki nyumbani na kovu tumboni.

"Tumpe," mzee akasema, "mwambie mama yako kisu kilikuwa kiunoni."

Jaji akagonga meza.

Atuganile akangoja, kama alivyozoea kungoja ujumbe. Hakuna aliyeuleta. Basi akashika ukingo wa kizimba, akageuka. Akamtazama. Kumbe mzee alikuwa na macho ya Tumpe, yaleyale, na yalikuwa yanamwomba.

"Kisu kilikuwa wapi?" jaji akauliza.

Akisema kiunoni, ameapa uongo, mzee atafia gerezani, naye atarudi nyumbani kumpikia mwanawe. Akisema kikapuni, mzee ataiona tena migomba yake, na Tumpe atakua hana mama. Na kwa lolote atakalosema, mama wa Sekunda atatoka mlangoni na khanga tupu.

Atuganile akafungua kinywa.

Mimi nafunga changu hapa. Msiniambie kwamba wote wana makosa; hilo hata ng'ombe wa Itungwa wanalijua, na jaji hakuulizwa habari ya wote. Msiniambie pia kwamba mngekuwa nyinyi mngeinua kile kifaa, maana hamkuwa na mtoto kwenye benchi. Semeni mmoja, kisha mtoke nje mkamtazame mama wa Sekunda usoni mkiwa mmelitaja jina hilo. Aliyeshika kisu, aliyenyamaza na usukani, aliyeruka bila kuona, au aliyesikia akageukia ukuta: je, nani alimuua Mwalimu Sekunda?