Nani Aliyemgundua Inzi wa Lukenge?

Sogeeni. Mwenye moyo mwepesi akachote maji, maana kisa hiki hakina huruma hata chembe.

Katika kijiji cha Lukenge, kwenye miteremko ya Uluguru, waliishi watu watatu wenye vipawa. Zaina, mjane, alikuwa na pua: alinusa pera likiwa bado mtini akajua lina funza. Kobelo alikuwa na macho. Alifagia maabara ya wadudu miaka kumi na miwili, akatoka humo akiwatambua inzi kwa michirizi yao. Mloka alikuwa na miguu, na mlimani hakuwahi kupotea.

Msimu mmoja mapera yakaoza yangali mabichi. Zaina alinusa harufu asiyoijua, tena shambani mwake mwenyewe. Angeweza kunyamaza akauza harakaharaka. Hakunyamaza. Alitundika chupa za chambo, akanasa inzi, akampelekea Kobelo.

Kobelo alimtazama inzi kwa kioo cha kukuzia mpaka jicho likatoka machozi. "Dada, huyu si yule wetu wa siku zote," alisema. "Wetu ana mstari mmoja mgongoni, huyu ana miwili. Ni mgeni." Alijua mdudu mgeni huleta misumeno, naye alikuwa na shamba lake la mapera. Angesema ni yuleyule, nani angembishia?

Mloka akabeba chupa mia, akazunguka mlima wiki tatu, akichora ramani ya alikonaswa na asikonaswa. Mpaka wa inzi uliishia kijitoni, na shamba lake, mali ya ukoo wa mkewe, lilikuwa hatua tano tu ndani. Mkewe alimlilia ausogeze. Mloka, mbishi wa ukweli, hakuusogeza.

Basi ramani ikafika wilayani, wakaja mabwana shamba na misumeno. Ndani ya mpaka, kila mti wa matunda ukatwe na uchomwe. "Shamba moja tu litaachwa, la kutegea inzi watakaobaki," alisema mkubwa wao. "Nalo ni la aliyemgundua. Ni nani?"

"Mimi," alisema Zaina. Ana watoto wanne na hana kingine. Aliona aibu, lakini akarudia: "Mimi."

"Wewe ulinasa mdudu tu," Kobelo akasema. "Bila mimi ungemponda ukaendelea na kazi zako."

"Na bila mimi wangekata mlima mzima," akasema Mloka. "Shamba lile la ukoo likikatwa, wajomba wa mke wangu watanifukuza kesho."

Jana yake walikula sahani moja. Sasa Zaina aliwatazama akawachukia, na akajua nao wanamchukia.

Mkubwa akachoka kusubiri. Akawageukia majirani, ambao miti yao ilikuwa chini tayari, moshi ukiwaingia machoni. "Amueni ninyi. Mkikaa kimya, nakata yote matatu."

Hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja wao alitabasamu, Zaina akamwona.

Na wewe umo kati ya majirani hao, visiki vyako bado vinatoa utomvu, na msumeno umeshawashwa. Je, ungemtaja nani? Au nawe ungenyamaza?