Mpishi Aliyegawa Majina Yake

Ndugu zangu wa kundi hili, naomba radhi mapema. Hadithi hii niliipokea nzima, na hadithi nzima haikai mikononi mwangu. Nilipokuwa jukwaani, nikitoa kichekesho watu walilia, nikitoa cha kuliza walicheka. Leo naleta cha kutisha, sasa sijui mtanifanya nini. Atakayesinzia, asikorome.

Palikuwa na mpishi wa shughuli aitwaye Mbaruku. Si mpishi wa kijisufuria cha nyumbani. Huyu ni wa yale masufuria yanayobebwa na wanaume wanne, moto wa magogo, mwiko mrefu kama kasia. Mji mzima ukimwita Fundi. Harusi ambayo Fundi hakupika, watu walihudhuria kwa sababu tu ya undugu.

Katika mji ule palikuwa na desturi. Kabla pilau halijapakuliwa, mpishi huchota kijiko kimoja, akampelekea mwenye shughuli na kumwambia, "Nionjee." Mwenye shughuli huonja chumvi, akasema imekaa au haijakaa, ndipo masinia yakapangwa. Ilikuwa heshima, na ilikuwa akili pia, maana aliyesimama kwenye moshi tangu alfajiri, ulimi wake nao umeshachoka.

Fundi Mbaruku aliifuta desturi hiyo. Alisema ulimi wake ndio mizani ya mji, na mizani haipimwi na viazi. Akawa anaonja mwenyewe, anafunga macho, anasema, "Tayari." Likishatoka neno hilo, hata kama pilau lingekuwa na changarawe, watu wangelitafuna na kumsifu.

Basi ukamtoka uvimbe shingoni. Alidhani ni jino. Daktari wa hospitali kubwa, mji wa mbali, akamwambia ni saratani ya mitoki, yale matezi ya shingoni na kwapani. Inatibika, alisema, ila kwa dripu, safari baada ya safari, kwa miezi. Akamwambia pia safari ijayo aje na mtu wa nyumbani. Fundi akaitikia vizuri kabisa, na safari ijayo akaja peke yake.

Msimwone mjinga. Ulikuwa msimu wa harusi, ile Shaabani watu wanapooana kama wanakimbizwa. Mpishi akijulikana ni mgonjwa, nani atakula mkononi mwake? Na nyumbani binti yake wa pekee, Mize, alikuwa ameposwa. Mkewe, Mwanakombo, ana presha, na presha yake ilikuwa ikipanda hata paka akianguka. Fundi akaona ni heri abebe mwenyewe. Akaaga kwamba anakwenda kutibiwa mgongo.

Baada ya dripu ya kwanza alirudi, kesho yake akasimama kwenye moto. Vitunguu vilipoanza kubadilika rangi, akauacha mwiko. Akaenda nyuma ya ukuta, akatapika, akarudi anatania wasaidizi wake. Wakati wa kuonja ulipofika, akatia kijiko mdomoni.

Chuma. Kama aliyelamba msumari. Hakuna iliki, hakuna nyama, hakuna chumvi.

Akafunga macho, akasema, "Tayari."

Safari ya pili alikaa kwenye benchi la kusubiri, hospitalini. Ilikuwa mchana, jua la utosi, ile saa ambayo bibi zetu walitukataza kukatiza uwanja mtupu. Walisema saa hiyo kivuli cha mtu humwingia chini ya nyayo, na hakuna ajuaye kinafanya nini huko chini.

Mtu akaja kukaa kando yake. Benchi lile lilikuwa linalia akikaa hata mtoto. Halikulia. Mtu yule alivaa kanzu kama ya Fundi, kofia kama ya Fundi, na kwenye mkono wa kanzu palikuwa na doa la bizari, mahali palepale. Sura yake ilikuwa shwari mno. Ukiondoa macho, unaisahau.

"Kesho una harusi," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Na leo una dripu. Kesho hutasimama. Nipe jina lako la kazini, nitakusimamia mimi."

Fundi akamuuliza atataka malipo gani. Mtu yule akasema hataki kitu zaidi ya hilo jina, kwa kuwa yeye hana lake. Fundi akacheka kidogo. Alijua dawa zile huwachezea watu akili, akaona huyu mwenzake zimeshamchezea. Akamwambia achukue tu. Alipogeuka kumtazama, benchi lilikuwa tupu.

Siku mbili baadaye, Mbaruku bado amelala wodini hawezi kuinua shingo, akawasikia wageni wa kitanda cha jirani wanaongea. Walikuwa wamehudhuria harusi ile jana yake. Walisema Fundi alipika mwenyewe, kasimama kwenye moto tangu asubuhi, na wala hakutoka jasho. Mmoja akasema nzi hawakukaribia masufuria. Mwingine akasema hata paka waliondoka uani.

Mbaruku alifurahi. Alijifunika shuka, akafurahi humo ndani, na miguu yake ikawa ya baridi.

Aliporudi mjini, mtu akaita sokoni, "Fundi!" Alisikia vizuri. Lakini shingo yake haikugeuka. Ilikuwa kama ameitwa mtu mwingine, na mtu huyo ameshaitika.

Ikabaki kazi ya kuigiza nyumbani. Kila jioni sinia moja, watatu wamelizunguka, na kila tonge ni msumari. Mize akawa anauliza mbona baba hali. Mara atajibu kala kazini, mara atajibu meno. Uongo nao una uzito, na mwenye dripu mwilini havibebi vyote viwili. Safari ya tatu, saa ileile, benchi lilelile, mtu yule akamwambia, "Umechoka kuigiza. Nipe na la nyumbani, upumzike."

Mbaruku aliegemea ukuta. Kisha akasema, kwa sauti ya kusinzia, "Baba Mize. Chukua."

Sasa hapa naomba muache kunywa chai.

Alirudi kwake alasiri. Akabisha hodi kwenye mlango aliouwekea bawaba kwa mkono wake. Mize akafungua. Akamtazama yule mtu mwembamba, asiye na nyusi, kofia imemwingia hadi masikioni.

"Shikamoo," akasema kwa adabu. "Unamtafuta nani?"

"Mize, ni mimi. Baba yako."

Binti akatabasamu kama tunavyowatabasamia wagonjwa. "Baba yupo ndani anakula."

Na kutoka ndani ikasikika sauti yake mwenyewe Mbaruku, nzito, yenye afya, ikiuliza, "Nani huyo, mwanangu?"

"Mgonjwa mmoja," Mize akajibu.

"Mpe maji. Mpe na chakula."

Wakamkalisha barazani kwake, wakampa wali kwa bakuli la wageni. Kupitia pazia aliona mkewe, bintiye, na mgongo wa mtu. Jua la alasiri liliingia dirishani, likalaza vivuli ukutani. Vilikuwa viwili.

Hakupiga kelele. Angepiga kwa jina gani? Akarudi hospitalini, akaishi kwenye nyumba ya wagonjwa wanaotoka mbali. Wauguzi walimwita mgonjwa. Wapishi wa pale walimwita mgonjwa. Ndipo akaelewa hesabu aliyoifanya. Kazi kaitoa, nyumba kaitoa. Kilichobaki ni ugonjwa peke yake, na huo yule mtu hakuuomba hata siku moja.

Siku ya harusi ya Mize ikafika. Mbaruku alitoka na dripu ya juzi mwilini, akaenda. Alitaka amwone mwanawe akitolewa nyumba aliyozaliwa, hata kwa kuchungulia. Lakini harufu ya moto wa magogo ilimvuta miguu, akajikuta nyuma ya nyumba, uani, kwenye masufuria. Ilikuwa jua la utosi.

Yule mtu alikuwa amesimama juu ya sufuria kubwa, mwiko mkononi, kanzu kavu. Akina mama wapakuaji walikuwa kimya, kimya kisicho cha uani siku ya harusi. Mbaruku akasogea, akashika mwiko uleule, chini kidogo ya mkono wa mwenzake. Mkono ule haukuwa na joto wala baridi.

Mwanakombo akatoka na masinia. Akaona wanaume wawili wameshika mwiko mmoja. Akaweka masinia chini taratibu.

"Mama Mize," akasema mwenye afya, "mwambie mgonjwa huyu akakae kivulini, jua litamuua."

Mwanakombo akasogea. Akatazama mikono, akatazama kofia, akatazama lile doa la bizari kwenye kanzu zote mbili. Akasema pilau la mwanawe halitapakuliwa mpaka ajue nani kalipika, na kila mmoja afanye lake.

Mwenye afya akachota kijiko. Akaonja, akafunga macho. "Chumvi imekaa. Iliki imekaa. Mke wangu, kapumzike, usisumbuke na lolote. Tayari." Wapakuaji wakaitikia kwa vichwa, maana ndiye huyo Fundi wanayemjua.

Mbaruku akachota chake. Punje chache zikamwagika. Akakipeleka mdomoni, akakisimamisha. Kisha akakigeuza, akamnyooshea mkewe.

"Nionjee," akasema. "Ulimi wangu hauna kitu, ni chuma tupu. Si mgongo, Mama Mize. Ni saratani. Nimeshindwa peke yangu."

Mwanakombo akapokea kijiko, akaonja. Akatafuna muda mrefu.

"Halina chumvi," akasema. "Hata chembe."

Hapo mama mmoja mpakuaji akakohoa. Akafungua pindo la kanga, akatoa kifurushi cha chumvi. Mwenzake naye akatoa chake. Ikajulikana kwamba msimu mzima pilau la Fundi lilikuwa halina chumvi, na watu wakija na yao, wanaume mfukoni mwa kanzu, wanawake pindoni, wananyunyiza wakijificha na kusifu kwa sauti. Yule aliyekuwa akionja ni kivuli, na kivuli hakina ulimi. Lakini nani amwambie Fundi? Yeye mwenyewe ndiye aliyeifuta desturi ya kuonjwa.

Mwanakombo akamwangalia yule mwenye afya. "Siku zote hizi nimeishi na mwanamume asiyeniomba hata maji ya kunywa," akasema. "Nikajisifia kwa majirani. Kumbe nilikuwa mjane."

Kisha akamgeukia mwingine, akamshika kiwiko. "Kaa hapa, Baba Mize."

Alipolitaja jina hilo, mkono mmoja ukatoka kwenye mwiko. Hakuna aliyemwona yule mwenye afya akiondoka. Mwiko ulibaki umesimama wima katikati ya pilau, hakuna aliyeushika, na chini ya nyayo za Mbaruku, palipokuwa patupu tangu aingie uani, pakajaa kivuli chake, kidogo kama kisahani, kama kinavyotakiwa kuwa saa hiyo.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Bibi harusi, ambaye hakupaswa kutoka ndani hata nyumba ikiungua, akatoka. Amebeba kopo la chumvi kwa viwiko, maana maua ya piko mikononi hayajakauka. Alikuwa amesikia sauti ikisema "nimeshindwa", na kwa sababu gani sijui, hiyo ndiyo sauti aliyoitambua.

Wakaikoroga chumvi kwa maji ya moto, wakanyunyiza, wakafunika tena. Wageni walichelewa kula. Siku hiyo vifurushi vilibaki mifukoni.

Tangu hapo mambo yalipangwa upya. Siku za dripu hakukuwa na harusi, na mwenye haraka aliambiwa akaoe kwingine. Mkwe wake mpya ndiye aliyempeleka na kumrudisha. Fundi akapikia kitini, anaelekeza, wasaidizi wanakoroga, mwenye shughuli anaonja. Zipo siku alizolala tu, na nyumba ikaenda. Presha ya Mwanakombo? Alisema ilikuwa ikipandishwa na kutojua. Dripu zilikwisha, nywele zikarudi, laini kama za mtoto mchanga. Bado huitwa kupimwa, na bado huogopa, ila huogopa akiwa na mtu.

Safari moja ya kupimwa alipita kwenye lile benchi, jua la utosi. Alikuwa amekaa mama mmoja kijana, kitambaa kichwani, anaongea na simu, anamwambia bosi wake kwamba yuko njiani anakuja, kisha anamwambia mtoto wake kwamba yuko kazini. Kando yake alikaa mwanamke mwenye kitambaa kilekile. Benchi halikulia.

Fundi hakusalimu. Alijipenyeza katikati yao, akakaa kwa uzito wake wote mpaka benchi likapiga ukelele.

"Mwanangu," akamwuliza yule mama, "umekuja na nani?"

Funzo: Ugonjwa hauhitaji shujaa wa kuwa kazini na nyumbani kwa wakati mmoja, unahitaji mtu anayethubutu kusema "nionjee", kwa kuwa unayemficha maumivu yako unamwachia kivuli chako aishi nacho.

Mpelekee yule anayejibu "niko sawa" kabla hujamaliza kumuuliza. Na hadithi ikiwa haikukolea, msimlaumu aliyenitumia. Ilinifikia na chumvi yake yote. Mimi ndiye niliyeipika upya, nikafunga macho, nikasema "Tayari."