Kirusi Asiye na Mikono

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakitandika vitanda na kufagia nyua zao, Kifaru alikuwa na nyumba kubwa. Ndege Mnana alikuwa mshonaji wake, na mchwa ndio waliomkandia udongo na kuziba nyufa za kuta.

Lakini nyumba ilikuwa kimya tangu Bi Kifaru afariki. Zamani bibi huyo aliimba kutwa, "Kanda, kunja, shona," na kazi ikaenda yenyewe. Kila Mnana aliposhika sindano aliukumbuka wimbo ule.

Siku moja, hodi hodi! Mlangoni kasimama Kirusi, mdogo kama chembe ya vumbi, kavaa kanzu ya kitambaa cha mapazia ya jirani yao Nyati.

"Kumbe umetoka kwa Nyati!" Kifaru akasema. "Pita, mwanangu!"

Alipoingia tu, Kirusi alivua kanzu. Lo! Hana mikono, hana tumbo. Ana wimbo tu.

"Kanda, kunja, shona..."

"Mama wee! Wimbo wa bibi! Umeusikia wapi?" Mnana akauliza.

"Kwa Nyati ulisikika vizuri, mama."

Machozi yakamlengalenga Mnana. Ilikuwa kama siku zile, uji ukinukia jikoni na bibi akicheka barazani. Mchwa nao wakaruka kazini.

Kirusi akaongeza ubeti: "Shona kanzu ndogo, ndani tia wimbo."

Wakashona. Udongo wa Kifaru, uzi wa Kifaru. Kila kanzu iliyotiwa wimbo, pu! ikasimama, Kirusi mwingine. Pu! Pu! Pu!

"Uji wangu uko wapi?" Kifaru akauliza kwa unyonge. "Mbona ukuta unaanguka?"

Mnana akageuka. Hakuna ufa uliozibwa. Na bibi hakuimba ubeti wa kanzu ndogo hata siku moja!

"Acheni kazi!" akapiga kelele.

"Endelea, mama," Kirusi akabembeleza. "Bibi angefurahi."

Maneno yale yalimchoma. Alitamani kuusikia wimbo tena, hata kidogo tu. Hata hivyo akakata uzi, kacha!

"Shona mwenyewe!"

Kirusi akaitazama sindano. Akaitazama tu.

Lakini wenziwe wachache walikwisha kuchana mapazia ya Kifaru, wakajifunika kama kanzu, wakashika njia ya kwa jirani mwingine, Twiga. Mnana akaruka mbio, apate kumwambia Twiga asidanganywe na kanzu.

Basi wanangu, kabla hamjashika kazi, ulizeni mnamfanyia nani.