Utepe Uliomfuata Bi Mwanakombo

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana ni masika ya juzi tu na matope yake bado ninayo kwenye viatu, palikuwa na nyumba moja Kisarawe yenye watu watatu. Visimu vya tochi kila mtu alikuwa na chake. Lakini simu kubwa, ya kuingia mtandaoni, ilikuwa moja, ikikaa juu ya meza ya sebuleni, na kila mmoja aliichukua kwa zamu yake.

Mimi ni Mnyamwezi, wao Wazaramo. Ni watani wangu. Miaka thelathini nimewaambia kwamba wakisikia ngoma wanaacha wali unaungua jikoni, nao wamenijibu maneno ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto. Kwa hiyo mkiona leo siwatanii, jueni sina hamu.

Mtu wa kwanza ni Bi Mwanakombo, mwenye nyumba, mgonjwa wa presha. Wa pili ni Siwema, binti yake, fundi cherehani, aliyerudi kwa mama baada ya talaka. Wa tatu ni Mlawa, kitinda mimba, fundi simu pale stendi. Zamani mabinti walikuwa watatu. Zawadi akaota uvimbe kwenye titi, akafa. Mwanaheri akaota uvimbe kwenye titi, akafa. Mama aliwauguza wote wawili, akawaosha kwa mikono yake, na akabaki na Siwema.

Basi asubuhi moja Siwema alikuwa anaoga. Mkono ukapita, ukarudi, ukasimama. Palikuwa na kitu kigumu kama punje ya hindi. Akakaa juu ya ndoo, maji yakimchuruzika, akasema peke yake, "Mama asijue. Nikipona nitamwambia. Nisipopona..."

Akaichukua simu kubwa. Akatafuta habari za uvimbe, ikamfungukia tovuti ya tabibu mmoja mstaafu wa mjini humohumo, Bwana Shomvi, mtu mwema kabisa, anayeandika mambo ya afya kwa Kiswahili chepesi, bure. Kabla hajasoma neno, kikatokea kibao: "Tovuti hii inatumia vidakuzi." Chini yake kitufe kikubwa cha kijani, Kubali Vyote. Chini zaidi, kwa herufi za kijivu ndogo kama chawa, Chagua Mwenyewe. Jamani, mtu ana punje ya hindi kwenye titi, ataanza kusoma herufi za chawa? Akabonyeza kijani.

Akasoma. Bwana Shomvi alikuwa ameandika: "Uvimbe mdogo ukiwahiwa hutolewa. Usisubiri uume." Siwema akalia, halafu akajipangusa. Akamuaga mama yake: "Mama, nimepata kazi ya kushona sare za shule Morogoro. Wiki tatu hivi." Na kabla hajaondoka akaingia kwenye simu, akafuta orodha ya kurasa zote alizofungua. Akaona amefagia nyumba nzima. Kumbe alifagia ukumbi tu. Orodha ni kitu kimoja, vidakuzi, zile alama ambazo tovuti huziacha ndani ya simu, ni kingine, vina kisanduku chao cha kufutia, na kile kisanduku hakukigusa.

Akaenda zake hospitali ya mbali.

Sasa Bi Mwanakombo alikuwa na starehe moja duniani, taarab. Kila siku baada ya chai alifungua simu, akaangalia taarab. Siku ya kwanza, katikati ya wimbo, akatokea mwanamke ameshika kifua, ana utepe wa rangi ya waridi begani. Siku ya pili akatokea yuleyule na utepe wake. Mama akaiweka simu chini. Herufi hizi zetu alikuwa hajui kuzisoma, lakini utepe ule aliujua. Aliuona ukutani, wodini, alipokuwa akimlisha uji Zawadi, kisha Mwanaheri. Siku ya tatu akatoka, akaenda kwa jirani yake Bi Chano, akaangalia taarab ileile kwenye simu ya Bi Chano. Hakukutana na utepe. Alionyeshwa masufuria.

Akarudi nyumbani, akamkuta Mlawa anakula mihogo.

"Mlawa baba, huyu mwanamke wa utepe ananitaka nini?"

"Matangazo tu hayo, Mama."

"Mbona Bi Chano anaonyeshwa masufuria?"

Mlawa akacheka. Si unajua mtu akiulizwa jambo la kazi yake? Akajinyoosha kabisa. "Ah, Mama, hapo umeuliza la kifundi! Simu haibahatishi. Ukifungua tovuti, inaacha alama humu ndani, ndiyo hicho kidakuzi. Vingine havina neno, vinakumbuka tu kwamba wewe unataka Kiswahili. Ila vingine ni vya wageni, wauza matangazo. Vile vinakufuata kila unakokwenda. Bi Chano alitafuta masufuria, basi masufuria yatamfuata mpaka kwenye taarab."

"Na huyu wa utepe anamfuata nani?"

"Aliyetafuta habari zake kwenye simu hii."

"Simu hii tunaishika wangapi?"

"Watatu tu, Mama. Mimi, wewe, na..."

Akakwama. Na muhogo ukakwama.

"Maliza, baba," mama akasema. Hakungoja jibu, akainuka taratibu akaingia chumbani.

Mlawa alimpigia dada yake mara mbili, hakupatikana, alikuwa kitandani hospitali simu imezimwa. Basi akaacha. Kila asubuhi alimpa mama kidonge cha presha na maji, mama akapokea, akainua kikombe, akanywa. Kwa Bi Chano tu ndiko alikofungua mdomo. "Nimemzika Zawadi," alisema. "Nimemzika Mwanaheri. Huyu sitamzika mimi. Atanizika yeye." Bi Chano akadhani ni maneno ya uzee.

Siku ya kumi tangu ile ya mihogo, mama hakuamka. Waliomwosha walikuta pindo la kanga yake limefungwa fundo. Ndani mlikuwa na vidonge tisa.

Siwema alirudi siku ileile, bandeji kifuani chini ya gauni. Uvimbe ulikuwa mdogo. Umetoka wote. Daktari alimwambia, "Umewahi, mama, nenda ukaishi." Njia nzima alikuwa anapanga jinsi atakavyomwambia mama yake, aanze na kicheko au aanze na machozi. Alipofika kwenye kona akaona turubai na watu wanabeba mikeka.

"Msiba wa nani?" akauliza.

Nisiwachoshe kwa kilio. Siku ya kuanua tanga, watu wakiwa wamekaa, Siwema akamgeukia mdogo wake mbele ya wote.

"Wewe Mlawa ndiye umemwua mama! Nilificha kwa akili zangu zote, wewe ukaja kumfumbulia huku unatafuna mihogo. Halafu fundi simu mzima! Ulijua simu hii ina mambo hayo, mbona hukunifundisha hata siku moja?"

"Hukuniuliza, Dada!" Mlawa alikuwa analia. "Ungeniuliza ningekuonyesha dirisha la faragha, ukilifunga linaondoka na alama zake. Ningekuonyesha mipangilio, pa kuzuia vya wageni, pa kufuta vilivyokwishaingia. Mama aliniuliza, nikamjibu kweli. Nimdanganye mama yangu? Wewe ndiye uliyemdanganya, ukasema Morogoro. Ungemwambia mwenyewe, ukamshika mkono, angekusubiri. Alisikia kwa simu, akajua moja kwa moja kwamba umekwenda kufa."

"Na vidonge? Ulimpa siku tisa hukumtazama akimeza?"

"Nilimwona akinywa maji, nikaridhika," Mlawa akasema.

Nyuma ya watu akasimama Bwana Shomvi, mzee wa watu, kofia mkononi. Hakuitwa, alikuja mwenyewe baada ya kusikia. "Wanangu, msiumane. Kile kitufe ni changu. Wenye matangazo walitaka cha kukubali kiwe kikubwa na cha kukataa kifichike, nikawakubalia, kwa sababu bila wao tovuti ingefungwa. Nilijua wanaosoma kwangu ni watu wenye hofu, hawana muda wa kuchagua. Nililijua hilo, nikaliacha. Lakini niambieni, ningeifunga, huyu binti angesoma wapi kwamba awahi?"

Siwema akamtazama. Alifungua mdomo amtukane, akashindwa, kwa kuwa yu hai kwa maneno ya mzee yule.

Bi Chano naye akaanza, "Na mimi aliniambia..." kisha akajifunika kanga usoni. Na kaka mmoja wa marehemu akanong'ona kwamba Mwanakombo alikuwa na akili zake timamu, vile vidonge alivifunga kwa mkono wake. Watu wakamzomea anyamaze.

Ndipo wakanigeukia mimi. Ukoo ule una desturi yake: tanga likianuliwa na pana lawama, mtani hupewa bakuli la majivu, ammwagie kichwani mwenye kosa, amtanie mbele ya watu. Likishamwagwa, neno limekwisha, hakuna ruhusa ya kulirudia, ndugu wanakula sahani moja. Lisipomwagwa, kila mtu anaondoka na lake moyoni. Na Siwema na Mlawa walikuwa wamebaki wawili tu kwa mama yao.

Wakanipa bakuli. Nikasimama mbele ya Siwema, aliyebonyeza na kuficha. Nikasimama mbele ya Mlawa, aliyejua asifundishe, akaulizwa akasema. Nikasimama mbele ya Bwana Shomvi, aliyemponya binti kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akamfungulia mlango mwuza matangazo. Nikachota majivu, yakaniingia kwenye kucha. Nikaliweka bakuli chini, mimi, mtani wa miaka thelathini, nikaenda nyumbani bila kuaga.

Siwema sasa amepanga chumba upande wa pili wa mji. Mlawa anakula peke yake. Jana wamenitumia mtu aniambie bakuli bado linanisubiri, niende nikamalize kazi yangu kesho. Basi nyinyi mliosikia yote, semeni kabla sijaondoka: majivu haya, je, ni kichwa cha nani kinachoyastahili?