Kilio Kilichotangulia Msiba

Bwawa likiacha kulia, lia wewe. Mmelisikia neno hili leo, mkaniuliza limetoka wapi. Lilianza kwa Mama Elisifa, mfuga mbuzi, aliyemwambia jirani yake Nakijwa kwamba asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka alipita chini ya ukuta wa bwawa, akaukuta umebana pumzi.

“Umebanaje, nawe!” Nakijwa alicheka.

“Nenda kasikilize. Mbuzi wangu wamekataa kupita.”

Bwawa lile lilikuwa kuukuu, la mawe. Maji yake yaligawiwa mashambani kwa zamu, na sikukuu watu walikuja kuogelea na kula nyama choma kwenye majani ya chini ya ukuta. Miguuni mwa ukuta palikuwa na vitundu vilivyotiririsha maji yaliyopenya ukutani mchana kutwa usiku kucha, vikilia kama mtoto aliyechoka. Wageni walilalamika: matope, tena sauti ile iliwaondolea hamu ya kula. Basi kabla ya Pasaka, Mbonea, mchoma nyama, mume wa Nakijwa, akaviziba kwa saruji. Watu wakamsifu.

Nakijwa alishuka Jumatatu ileile. Masika yalikuwa yamelijaza bwawa hadi ukingoni, lakini ukuta ulikuwa mkavu. Hata chura hakulia. Aliweka sikio kwenye jiwe. Hakusikia kitu, ila jiwe lilitetemeka shavuni mwake. Na mbali kidogo, kwenye majani ambapo hapakuwahi kuwa na chemchemi, maji ya tope yalikuwa yakichemka bila moto.

“Baba Mrutu,” alimwambia mumewe, “zibua vile vitundu. Na watu waondoke hapa.”

“Mama Mrutu, umeolewa na mimi au na mchirizi?” Walaji walicheka hadi wakapaliwa. “Ukuta umenyamaza. Nawe nyamaza.”

Kwao, kilio cha msiba hakipuuzwi. Kikipigwa, hata mwenye tonge mdomoni hulitema akakimbilia kinakotoka. Na kukipiga pasipo maiti ni kukiita kifo. Nakijwa aliyajua hayo yote. Alipanda mpaka kwake kilimani, akavua kilemba, akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia.

Bonde zima likapanda mbio, waogaji maji yakiwachuruzika.

“Nani amekufa?” Bibi mmoja alimshika mabega. “Unamlilia nani, mwanangu?”

Nakijwa alitazama chini bondeni. Mbonea peke yake ndiye aliyebaki kando ya jiko, akitikisa kichwa kama mtu anayezijua hila za mkewe.

“Baba Mrutu, panda!”

Ukuta haukutoa mlio mkubwa. Ulijikunja tu, kama goti, na bonde likawa maji.

Waliopanda ndio waliotuachia neno hili, nasi tunawaachia ninyi: bwawa likiacha kulia, lia wewe. Nakijwa mwenyewe hakulitamka hata mara moja. Alikuwa akisimama pale kilimani, akisema taratibu kuelekea kule chini, “Wenzako wote wamefika, Baba Mrutu. Panda basi.”